Chora kwanza, vunja baadaye: namna ya kukata kioo cha plastiki nyumbani bila kuumia

(Maneno haya yalisemwa na ajenti wa mradi mbele ya wanachama na wageni, katika mkutano wa chama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Prezida amenipa nusu saa. Amesema, "Usitusomee ripoti, tuambie mambo ya yale mabamba." Basi ripoti nimeiacha nyumbani. Nimekuja na bamba moja, rula ya chuma, kisu, msumeno na miwani. Nikimaliza kusema tutasogea kwenye meza ile pale, na kila mmoja atakata kipande chake.

Lakini kabla ya kukata, niko na deni la kulipa kwa maneno.

Mnakumbuka mwezi wa tatu tulipokea yale mabamba. Ofisi moja ilikuwa inafunga, ikatuachia vile vizuizi vya mezani vya wakati wa Korona, vile vilivyowekwa mwaka 2020 kati ya mtu wa ofisi na mtu anayekuja kuuliza. Tulifurahi sana. Nyumba nyingi za kwetu sisi tuliorudi ni za matofali ya udongo na bati juu. Dirisha ni dogo, na ukilifunga kwa ubao sababu ya mvua au mbu, ndani panakuwa usiku saa nne ya asubuhi. Mtoto anasoma kwa tochi na jua limejaa nje. Kwa hiyo tukasema: mabamba haya yawe madirisha. Komite ikafanya liste, tukaanza na wajane na wazee, kila nyumba bamba moja. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Kila aliyepokea alisaini. Nilihesabu mabamba, nikahesabu saini, hesabu ikawa sawa, nikaenda kulala.

Kitu kimoja sikufanya. Sikumwonyesha mtu hata mmoja namna ya kuyakata.

Mama mmoja wa hapa kwetu, yuko kati yetu leo na amenipa ruhusa niseme, alipeleka bamba lake nyumbani. Lilikuwa kubwa kuliko dirisha. Kijana wake wa miaka 14 akataka kumsaidia mama. Akaweka panga juu ya mstari, akapiga nyundo. Si ndivyo tunavyokata vitu vingi hapa? Bamba likapasuka vipande vitatu, na kibanzi kimoja kikaruka kikaingia kwenye jicho la kijana. Wakalisugua. Wakaliosha kwa maji ya ndoo iliyokuwa karibu. Walipofika hospitali ilikuwa kesho yake, jicho limevimba na limefunga.

Namshukuru Mungu, leo kijana anaona. Alikaa na jicho lililofunikwa majuma mawili, shule akakosa, na kase yetu ya msaada ikatoa pesa ya dawa na ya moto ya kumpeleka na kumrudisha. Pesa ile ilikuwa ya mtu mwingine atakayeugua. Na dirisha la yule mama mpaka leo ni ubao.

Nimesoma mpaka inivasite, lakini kosa lile halikuhitaji diploma. Kumpa mtu kitu bila kumwonyesha kinavyofanya kazi ni kumpa nusu. Mama, nilikuomba radhi nyumbani kwako, na leo naomba tena mbele ya wote. Sasa tufanye ile nusu iliyobaki.

Kitu hiki ni nini?

Wengi wenu mnakiita kioo cha plastiki. Wengine wanasema pleksi. Wenzetu waliokaa Nyarugusu au Lugufu wakawa wanakwenda Kasulu na Kigoma kutafuta kazi, labda waliwahi kusikia jina Perspex. Ni kitu kimoja, jina lake la kawaida ni akriliki. Plexiglas na Perspex ni majina ya biashara. Kampuni ya Otto Röhm na Otto Haas ya Ujerumani ilianza kukiuza kwa jina Plexiglas mwaka 1933, na wakati wa vita ya pili ya dunia kilitumika kutengeneza madirisha ya ndege, kwa sababu ni chepesi na kinapitisha mwanga vizuri. Uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa kioo cha kawaida. Nuru ikikipiga, sehemu 92 kwa 100 zinapita. Kwa dirisha la nyumba zetu, ni mali.

Lakini kina tabia zake tatu, na ukizijua hizi kazi yote inakuwa nyepesi.

Tabia ya kwanza: kinapasuka. Hakikubali kupigwa. Nyundo, panga, patasi, shoka, vyote hivyo weka mbali.

Tabia ya pili: joto kinaliogopa. Kikifika karibu na digrii 100 kinaanza kulegea. Ukikikata haraka haraka, msuguano unaleta joto, plastiki inalegea na kuyeyuka, kisha inagandia msumeno. Msumeno ukikwama, mtu anatumia nguvu, na ndipo kinapopasuka.

Tabia ya tatu: ukikichora mstari, kitavunjika kwenye huo mstari. Hii ndiyo tabia ya kutusaidia. Hatutakikata kama nyama. Tutakichora, halafu tutakivunja pale tulipotaka sisi.

Angalizo moja. Kuna plastiki nyingine inayofanana nayo kwa macho, inaitwa polikabonati. Hiyo haivunjiki, inapinda tu, kwa hiyo ni ya kukatwa kwa msumeno. Utazijuaje? Chukua kipande chembamba cha pembeni, kifunge ndani ya kitambaa, jaribu kukipinda. Kikipinda sana na kurudi, hicho si akriliki. Kikilia ko! na kuvunjika, ndicho chenyewe. Usijaribu kwa kukichoma moto. Nitasema kwa nini.

Kabla ya kugusa kisu

Macho kwanza. Miwani ya kazi ya plastiki inapatikana sokoni hapa na Uvira. Kama huna, miwani ya watu wa moto inayofunika pembeni itasaidia. Miwani ya kusomea haitoshi, kwa sababu pembeni iko wazi. Na anayekusaidia kushika avae pia. Kibanzi hakiulizi nani fundi na nani msaidizi.

Viatu vya kufunika vidole. Kandambili hapana. Glovu nzito uzivae wakati wa kubeba bamba na wakati wa kulivunja, maana ukingo mpya unakata kama wembe.

Watoto wasiwe karibu. Najua hapa kwetu kila kazi ina watazamaji kumi wadogo. Mtafutie mkubwa mmoja kazi ya kuwapeleka wenzake ziwani au kwa jirani.

Kazi ifanyike nje au kwenye baraza yenye hewa, juu ya meza isiyocheza. Meza ikicheza, weka jiwe chini ya mguu wake. Tandika blanketi kuukuu au katoni, bamba lisikwaruzike.

Kama bamba bado lina karatasi au nailoni yake ya kiwandani, usiitoe. Hiyo ni nguo yake. Itoe siku ya mwisho, likiwa tayari dirishani. Kama haina, bandika skoti juu ya sehemu utakayokata, uchore alama juu ya skoti.

Kupima

Pima dirisha mara mbili, juu na chini, kushoto na kulia. Dirisha la tofali la udongo halina pembe nne sawa, tusidanganyane. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote.

Halafu punguza milimita 2 kila upande. Watu wanapenda bamba libane kabisa, lakini kitu hiki kinatanuka kwa jua kuliko kioo. Bamba la mita moja, likitoka kwenye baridi ya asubuhi mpaka jua kali la mchana, linaweza kuongezeka kama milimita 2. Likikosa nafasi linajikunja katikati, au linapasuka lenyewe siku moja, na utasema umerogwa.

Kuchora na kuvunja

Njia hii ni ya mabamba membamba, ya milimita 3 mpaka 5, na haya yetu mengi ni ya namna hiyo. Inafaa kwa mstari ulionyooka, kutoka ukingo mpaka ukingo. Umeme hauhitajiki.

Rula iwe ya chuma, au kipande cha chuma bapa kilichonyooka. Rula ya mbao au ya plastiki, kisu kitaipanda na kuja kwenye kidole. Iweke juu ya upande unaoutaka, siyo upande wa kutupa. Kwa nini? Kisu kikiteleza, kiharibu kile cha kutupa. Ifunge na bamba kwa vibano viwili. Huna vibano? Msaidizi ashike kwa mikono miwili, mbali na njia ya kisu.

Kisu cha kuchorea chenye ndoano kinauzwa, lakini hapa si rahisi kukipata. Mafundi wanajitengenezea. Unachukua bledi kuukuu ya msumeno wa chuma, unaifunga ndani ya kitambaa kinene ndipo unaivunja, maana nayo inarusha vipande. Ile ncha unaisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka iwe kama ukucha wa kuku, imepinda kidogo. Unazungusha mpira wa ndani wa baiskeli kuwa mshikio. Hakuna gharama. Ninacho hapa, mtakiona.

Sasa chora. Mara ya kwanza pitisha polepole, bila kubonyeza sana, kufuata rula. Hiyo ya kwanza inatengeneza njia tu. Ya pili na ya tatu ongeza nguvu kidogo. Vuta kuja kwako, lakini mwili wako usimame pembeni ya njia, siyo mbele yake. Ukisikia sauti ya kukwangua na ukaona uzi mwembamba wa plastiki unatoka, uko sawa. Bamba la milimita 3 linataka mipito kama kumi. La milimita 5 linataka zaidi, na ni vizuri uligeuze uchore na upande wa pili, mstari juu ya mstari. Mfereji ufike karibu theluthi moja ya unene wa bamba. Na lazima ufike kabisa kwenye ukingo, huku na huku. Wengi wanachora vizuri katikati, wanasahau sentimita moja ya mwisho, na hapo ndipo bamba linapopotea njia.

Usichoke mapema. Haya mabamba yalivunjika vibaya kwa watu wawili wengine mwezi ule, na nilipokwenda kuangalia niliona mfereji wa mipito mitatu tu. Mkono ulikuwa na haraka.

Kuvunja ni hivi. Sogeza bamba mpaka mfereji uwe sambamba na ukingo wa meza, mfereji uangalie juu. Upande wa kutupa uninginie nje. Weka ubao mrefu juu ya upande uliobaki mezani, msaidizi aukandamize kwa uzito wake. Funika sehemu ya mstari kwa kitambaa. Wewe vaa glovu, weka viganja viwili juu ya upande unaoninginia, karibu na mstari, vikiwa mbali kwa mbali. Kisha bonyeza chini mara moja, kwa uhakika. Usibembeleze, usipige. Utasikia ko! na kipande kitatoka.

Kikikataa, acha. Rudi ukachore mipito mingine mitano. Bamba linalokataa linakwambia mfereji haujatosha.

Na ukanda mwembamba, chini ya upana wa vidole vitatu, usiuvunje kwa njia hii. Huo ni wa msumeno.

Msumeno

Kwa bamba nene, kwa ukanda mwembamba, au kwa pembe inayoingia ndani, tumia msumeno wa chuma, ule wenye fremu. Bledi iwe ya meno madogo, 24 au 32 kwa inchi. Namba huwa imeandikwa kwenye bledi yenyewe. Msumeno wa mbao wenye meno makubwa unanyofoa na kupasua.

Libane bamba kati ya mbao mbili nyembamba, kama mkate na siagi, mstari ukiwa karibu na ukingo wa meza. Anza kwa kuvuta nyuma mara mbili tatu kutengeneza njia, kisha kata polepole, mikono mirefu, bila kulalia msumeno. Kila baada ya muda gusa bamba karibu na mstari. Likiwa la moto, pumzika, dondoshea maji kidogo. Ukikaribia mwisho, msaidizi ashike kile kipande kinachotoka. Kikianguka kwa uzito wake kitavunja kona.

Mambo matatu ambayo naomba msifanye

La kwanza, mashine ya disiki ya kukatia vyuma. Vijana wenye jenereta wanaipenda. Inazunguka mbio sana, inayeyusha plastiki, disiki inakamatwa na mashine inaruka kwenye mkono wako. Iache kwa vyuma.

La pili, kisu au panga la moto. Nimekuta nyumba moja wameweka panga kwenye mbabula likawa jekundu. Ni kweli linapita. Lakini ule moshi unaotoka unachoma macho na koo, na ukiuvuta ndani ya chumba utaumwa kichwa na kifua. Tena kitu hiki kinashika moto na kuwaka vizuri sana. Ndiyo sababu nilisema usikijaribu kwa kiberiti, na ndiyo sababu kisiwekwe dirisha la jikoni karibu na mbabula.

La tatu, msumari wa moto kwa kutoboa tundu. Tundu lile linaacha bamba na mkazo ndani, na baada ya miezi nyufa zinaanza pale pale. Ukilazimika kutoboa, tumia keyo ya mkono, polepole, na kipande cha ubao chini, tundu liwe mbali na ukingo na liwe kubwa kidogo kuliko skurubu. Lakini dirisha halihitaji tundu. Weka bamba kwenye fremu, lishike kwa vipande vyembamba vya mbao ndani na nje, misumari ipigwe kwenye mbao peke yake. Seremala yeyote anaijua kazi hiyo.

Kumaliza na kusafisha

Ukingo mpya ukwangue kwa mgongo wa kisu, halafu msasa. Wale wetu wa Tanzania tunasema msasa, waliobaki hapa wanasema papie emeri, sokoni utapewa kilekile. Anza na namba 120, halafu 220, na ukitaka ung'ae maliza na 400 na maji. Jifunike pua kwa kitambaa, na unga wake ufagie kwa kitambaa chenye maji, usiupulize. Vibanzi vyote vizikwe kwenye shimo la taka. Visichomwe, na visiachwe uwanjani ambako watoto wanatembea miguu mitupu.

Kusafisha dirisha ni maji na sabuni na kitambaa laini. Petroli hapana, alkoli hapana, dawa ya kuondoa rangi hapana. Hizo zinalifanya bamba litoke nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya mzee, na mwanga unakwisha.

Mtu akiumia

Hapa naomba mtulie kabisa.

Kitu kikiingia jichoni, usisugue. Osha mikono, kisha mwagia jicho maji safi ya kunywa, polepole, kwa dakika nyingi, kichwa kimeinama upande wa jicho lile ili maji yatoke nje. Kama kibanzi kimechoma na kukaa, usikitoe na usimwagie maji. Funika jicho kwa kikombe kisafi cha karatasi au cha plastiki bila kuligusa, lifunge, nenda hospitali siku ileile. Na kama kimetoka lakini jicho linauma, linaona giza au linatoa damu, ni siku ileile pia. Kesho ni mbali. Dawa ya majani usitie.

Mkono ukikatika, bonyeza kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usiachie kila mara kuchungulia. Kidonda kikiwa kirefu au damu haikatiki, twende kituo cha afya, na uliza habari ya sindano ya pepopunda.

Maswali yenu

Nilipokuwa napita kwenye kartie, mama mmoja aliniuliza: "Baba, mimi mjane, sina mwanamume nyumbani, hii kazi si ya wanaume?" Jibu langu: kuchora hakuhitaji nguvu, kunahitaji uvumilivu. Mtu niliyemwona akivunja vizuri kuliko wote ni mama mshonaji, kwa sababu mkono wake umezoea kufuata mstari.

Mzee mmoja akauliza: "Kwa nini msitukatie nyinyi wenyewe, kazi ikaisha?" Ni haki yake kuuliza. Wazee na wagonjwa tutawakatia, na majina yao yako kwenye liste. Lakini mzee wangu, sisi tulikaa kambini miaka mingi tukikatiwa kila kitu, hata tembo wa turubai na kuni. Mradi huu nao una tarehe ya kwisha. Siku hiyo dirisha lako likipasuka, nataka mjukuu wako ajue la kufanya.

Kijana mmoja akauliza kama inaweza kuwa kazi ya pesa. Inaweza. Maduka ya dawa wanataka vizuizi vya meza, watu wa picha wanataka fremu, mwenye kuchaji simu anataka sanduku la kuonyesha bidhaa. Lakini anza na dirisha la bibi yako.

Kwa wafadhili, na kwa sisi wenyewe

Ndugu wafadhili, mmetusaidia, na tunawashukuru kwa moyo. Neno langu kwenu ni fupi. Mkileta bamba, leteni na miwani. Mkileta mashine ya kushona, leteni na wiki moja ya mafunzo. Katika makaratasi yetu ya bajeti, mstari wa vifaa huwa mrefu na mstari wa mafunzo ndio tunaoupunguza wa kwanza, mimi mwenyewe nimeupunguza. Bei ya miwani na rula ilikuwa ndogo kuliko pesa tuliyotoa hospitali.

Na sisi wanachama, komite imekubali mambo haya jana jioni, nayasoma ili yaandikwe:

Kutakuwa na sanduku la vifaa katika kila kartie yenye wanachama wetu. Ndani yake: miwani miwili, glovu jozi mbili, rula ya chuma, kisu cha ndoano, msumeno wenye bledi mbili, vibano viwili, msasa. Sanduku linaazimwa kwa saini na kurudishwa kesho yake.

Hakuna anayepewa bamba kabla ya kukata kipande cha majaribio mbele ya mwenzake anayejua.

Kazi inafanywa na watu wawili, siyo mmoja. Na aliye chini ya miaka 16 hakati. Anaweza kupima, kushika daftari, kufagia akiwa na viatu.

Mabamba yaliyobaki stoku ni tisa. La kwanza linakwenda kwa yule mama. Amesema hataki tumkatie. Anataka kukata mwenyewe, leo, hapa mbele yetu, na kijana wake yuko nyuma pale na kalamu na rula ya kupimia.

Basi nisiongeze maneno. Vaeni miwani, watoto warudi nyuma mpaka kwenye mwembe, tusogee mezani.